Maji ya Matofali ya Mstahiki

Isangilo, 12 Februari 2023

Mdogo wangu Twalibu,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana huu ni mwezi wa tatu nasubiri shikamoo yako na haijafika. Nimeona niichukue mwenyewe.

Huku hatujambo. Mvua zimekuja kwa fujo, ile barabara ya zamani ya misafara imegeuka mto na malori yanalala njiani. Mwanao Mustafa amepata kibanda cha kutengeneza baiskeli pale Igalula, karibu na stesheni, na anasema wateja hawamwishii. Paka wako amezaa watoto wanne juu ya koti lako la kazi, nimemwachia. Mimi siku hizi nashonea nyumbani. Macho hayapendi tena vumbi la sokoni.

Ambrosi wa dukani Ipole ananiambia kwenye simu kwamba kila baada ya wiki mbili unashuka kutoka kambi ya nyuki kufuata chumvi na unga. Anasema akikunyooshea simu na kukuambia dada yako huyu hapa, unashika baiskeli na kuondoka. Haya, nimeshika kalamu. Barua huwezi kuikatia.

Nakuuliza jambo moja tu. Siku soko lilipoungua, saa tisa mchana, gari la zimamoto halikuwa kituoni, na dereva wake ulikuwa wewe. Kamati iliyoundwa na Mstahiki Meya Wilbroad Lugembe ikakaa siku mbili, ikaandika kwamba ulilitoa gari kwa shughuli zako binafsi. Nawe ukatia sahihi, ukafukuzwa kazi, ukatoweka. Shughuli zipi, mtu ambaye mali yako yote ni redio na huyo paka? Mji mzima unajua kwamba Mstahiki anajenga gesti ya ghorofa kule Kilimani, na kwamba matofali ya saruji yanataka kumwagiwa maji kila siku, na mabomba yetu hayatoi hata tone. Watu wanajumlisha wenyewe. Lakini sahihi iliyopo ni yako, si yake. Dawa ya karatasi ni karatasi, kwa hiyo niandikie nani alikutuma.

Kwenye kifurushi nimekuwekea viwembe na kilo mbili za sukari. Usimwonyeshe Ambrosi.

Dada yako,
Maua


Kambini, juu ya Ipole, 20 Machi 2023

Dada Maua,

Shikamoo. Ile ya kwanza uliichukua mwenyewe, hii nakupa kwa mkono wangu.

Barua yako ilikaa dukani wiki tatu kwa sababu mto ulijaa na sikuweza kuvuka. Sukari imenifikia kilo moja. Ile nyingine muulize Ambrosi.

Mimi mzima. Nyuki nao wazima. Mzee Ngassa, mwenye kambi, ananifundisha kutengeneza mzinga wa gome. Wa kwanza ulipasuka, wa pili nyuki waliukataa, wa tatu wameingia juzi na nilikaa nikiwatazama mpaka ugali ukaungua. Ramadhani ikiingia nitafungia hapa hapa. Futari ya asali na maji ya mtoni haina ubaya.

Kuhusu ulilouliza, nilitia sahihi kwa sababu nilitia sahihi. Tafadhali usiniulize tena.

Wasalimie nyumbani wote. Wa sokoni usiwasalimie, hawazitaki salamu zangu.

Ndugu yako,
Twalibu


Isangilo, 16 Aprili 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Tuko kumi la mwisho na kichwa kinaniuma kwa kukosa chai, kwa hiyo ukinikuta mkali humu ndani, nusu ni ya saumu na nusu ni yako. Mustafa ametuma mchele wa futari, Mungu amzidishie.

"Nilitia sahihi kwa sababu nilitia sahihi." Sentensi hiyo nimeizunguka mara nne nikitafuta mlango.

Ngoja nikupe habari za mji wako. Zililetwa taa za barabarani kumi na mbili, na tisa zimesimikwa kwenye barabara ya kwenda kwa Mstahiki. Vibanda vya soko la muda vilipogawiwa, wa kwanza kupata walikuwa shemeji zake, watu ambao hawajawahi kuuza hata nyanya. Mwezi uliopita ikasambaa picha ya greda la halmashauri likisawazisha ua wake. Yeye akasema picha imetengenezwa na kompyuta. Tukamwuliza na ule ua umesawazishwa na kompyuta?

Basi watu nao wameamua. Bodaboda wakifika mbele ya gesti wanapunguza mwendo na kulia kwa midomo king'ora cha zimamoto. Aliwakamatisha wawili, kesho yake wakapita arobaini. Wanawake wanaokwenda kisimani wakikutana na gari lake wanainua ndoo tupu juu ya vichwa na kusimama hivyo hivyo mpaka lipite. Jina lake siku hizi ni Bwana Matofali, na nasikia hata mkewe limemponyoka siku moja mbele ya wageni.

Kicheko kipo, lakini kicheko hakipigi kura. Madiwani ni ishirini na sita, na waliosaini hoja ya kumwondoa ni kumi na mmoja tu. Waliobaki wanasema wanataka shahidi. Shahidi yuko Ipole anachezea magome.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wakimaliza kumcheka yeye wanaanza kukutukana wewe. Yule Elieth aliyekuwa anauza mitumba, aliyeunguliwa na marobota matatu, kila akiniona ananiambia, "Msalimie mwenye gari." Nami nanyamaza, na unajua kunyamaza kunanigharimu nini. Sisi wajukuu wa wapagazi wa Kizaramo walioachwa hapa na misafara hatukurithi shamba wala ng'ombe. Tulirithi utani na Wanyamwezi, basi. Kumnyima Mzaramo neno mbele ya mtani wake ni kumnyima chakula. Kwa ajili yako nimefunga mdomo tangu kabla ya Ramadhani, na sijui Idi yake ni lini.

Maua


Kambini, 28 Mei 2023

Dada,

Shikamoo, na Idi njema iliyochelewa.

Mavuno yameanza. Nakutumia dumu la lita tano, asali ya kwanza ya mizinga yangu. Nje nimeandika "mafuta ya taa" ili lipite salama dukani.

Ambrosi ameniambia jambo. Cherehani yako haikuokolewa sokoni siku ile, iliungua pamoja na meza na vitambaa vya wateja. Nawe ukaniandikia kwamba macho hayapendi vumbi. Nimekaa na hilo wiki nzima. Kumbe sote wawili tunafichana, basi acha mimi nianze kufunua.

Unamkumbuka Bibi Agnetha, mama yake Mstahiki. Mama Mustafa alipolazwa Tabora siku thelathini na nane, mimi nilikuwa nabanwa na zamu na wewe ulikuwa umevunjika mguu. Bibi Agnetha alikuja kumtazama mdogo wake wodi ile ile, akamkuta mke wangu peke yake, akabaki. Alimwogesha, akamlisha uji, akamsomea Kurani kwa kuazima kwa jirani wa kitanda kitabu chenye herufi za kawaida, yeye Mkristo, akitamka kwa shida. Ni yeye aliyemfumba macho.

Kesho yake baada ya moto alikuja kwangu kwa miguu na fimbo yake. Aliniambia, "Twalibu mwanangu, najua gari lilikuwa wapi. Sitaki uniokolee mwanangu, nataka unyamaze mpaka nizikwe." Nikamwahidi. Ilipokuja ile karatasi, sikuona namna ya kunyamaza isipokuwa kuitia sahihi.

Ana miaka tisini na moja na simwombei kifo. Nawe usimwambie mtu.

Liko jambo jingine, lakini hilo halimhusu Bibi wala mwanawe. Ni langu, na siliandiki.

Twalibu


Isangilo, 2 Julai 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Kaa chini kwanza.

Bibi Agnetha amefariki tarehe kumi na tano Juni, usingizini, na tumemzika Jumamosi ya kumi na saba. Nimemlilia kwa haki yangu na kwa niaba yako. Barua yako ilikuwa imenifikia siku nne kabla. Sikumwambia mtu yaliyomo, lakini msibani nilikwenda nikiwa nimeyabeba.

Desturi unaijua. Mnyamwezi hafukiwi mpaka watani wake wameridhika. Padri alimaliza sala zake, jeneza likawekwa kando ya kaburi, ndipo mimi na wenzangu wawili tukaingia kazini. Nikaketi ukingoni, miguu ndani ya kaburi. Nikaomba matofali mawili kwa mafundi waliokuja kulijengea, nikayapanga kando yangu, nikawa nayamwagia maji kwa kikombe, taratibu, moja baada ya jingine. Wenzangu wakapiga kelele nyuma, "Soko linaungua, leteni gari!" Nami nikajibu bila kugeuka, "Subirini kidogo, tofali la Mstahiki halijalowa."

Watu walicheka, Twalibu. Wafiwa wenyewe walicheka. Mzee Nestory, kaka wa marehemu kwa mama mdogo na ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alicheka mpaka akashikilia msalaba usianguke. Nadhani Bibi naye angecheka. Hapo mfiwa mwenye akili hutia mkono mfukoni, akatoa chochote, akasema mtani umeniweza, nasi tukaondoka na maziko yakaendelea. Mtani hajibiwi. Mtoto wa miaka sita analijua hilo.

Mstahiki alijibu. Alisogea mbele na suti yake nyeusi, akasema kwa ile sauti yake ya jukwaani:

"Gari nilimwambia Twalibu alilete saa sita, na saa nane liwe limerudi kituoni. Kuchelewa ni kwake yeye. Mimi nahusika vipi?"

Miezi saba tunatafuta shahidi, na mtu amejishuhudia mwenyewe mbele ya watu mia nne na jeneza la mama yake, kwa sababu tu alishindwa kuvumilia mzaha. Nafikiri kosa lake alilisoma kwenye nyuso zetu, maana hapo hapo akawaita mgambo waniondoe. Vijana wale waliniinua kama wanainua mayai. Mmoja akaninong'oneza nimsamehe. Wakanipeleka ofisi ya kata, wakanipa benchi na soda.

Na hakuna aliyezika. Wachimba kaburi waliweka makoleo chini. Mzee Nestory akatangaza kwamba mtani ametolewa kaburini kwa nguvu, na hakuna mkono wa ukoo ule utakaotupa udongo mpaka arudi kwa hiari yake. Mstahiki akasema basi watafukia mgambo. Mgambo wakamjibu, kwa heshima zote, kwamba wao nao ni Wanyamwezi. Ikapita saa nzima na nusu, jua linawaka, padri amevua joho.

Mwishowe alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni pa ofisi ya kata, Mzee Nestory nyuma yake. Sikumsaidia hata kidogo, nilimalizia soda yangu kwanza. Akasema, sauti ndogo, "Mtani, twende tukamzike mama."

Nikainuka, kwa sababu ni mama, na kwa sababu ya mama Mustafa. Udongo wa kwanza niliutupa mimi. Nililia mpaka wakanishika mikono.

Tangu siku hiyo mji umebadilika. Taa watu walimsamehe, greda walimcheka, lakini kumkamata mtani kaburini hakuna aliyelimeza, hata wale waliokuwa wanakula mezani kwake. Jumatatu madiwani saba wamesaini, sasa ni kumi na wanane. Elieth alikuja kwangu, akaketi akanisaidia kupiga pindo kwa mkono mpaka alasiri. Mkoa umeteua timu ya uchunguzi, nayo itasikiliza mashahidi Tabora kuanzia tarehe ishirini na nne mwezi huu.

Bibi alikuomba unyamaze mpaka azikwe. Amezikwa, mdogo wangu. Deni lako kwake umelimaliza, na mimi nakuonea fahari ingawa nilikutukana moyoni miezi saba.

Maua


Kambini, 13 Agosti 2023

Dada,

Shikamoo. Bibi nimemsomea dua huku kwa namna yangu. Mzee Ngassa aliniitikia amina.

Nilikwenda Tabora. Nilizungumza nao asubuhi mpaka adhuhuri, wakaandika yote, na safari hii nilisoma kabla ya kutia sahihi. Kisha nikapanda basi kurudi Ipole. Najua umesikia kwamba nilikuwa mwendo wa saa mbili tu kutoka kwako na sikufika. Usikasirike mpaka umalize ukurasa.

Lile jambo nililosema siliandiki, naliandika.

Saa nane nilikuwa tayari kuondoka kwenye gesti. Fundi akaniambia bado safu moja, nikabaki. Saa tisa nikapigiwa simu kutoka kituoni, soko linaungua. Tanki lilikuwa na maji robo, na mpira unaendelea kumwaga. Nikasema nakuja. Fundi akaniambia ngoja haya yaishe, Mstahiki atauliza. Nami nikangoja. Dakika ishirini, dada. Najua ni ishirini kwa sababu nilikuwa naitazama saa yangu. Moshi nilikuwa nauona kutoka kule juu, na nilijua cherehani yako iko chini yake.

Hilo hakuna aliyeniomba nilifiche. Nililificha mwenyewe, nyuma ya ahadi ya Bibi, na nilikaa humo vizuri tu nikionekana mtu wa heshima. Timu nimeiambia, lakini timu haikuunguliwa na kitu. Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine ya wanawake wa sokoni. Imeandikwa hayo hayo. Wasomee wote kwa pamoja, usipunguze neno na usinitetee.

Sasa nina mizinga arobaini. Wakisema wasinione tena, naweza kuishi huku. Sitawalaumu.

Twalibu


Isangilo, 10 Septemba 2023

Mdogo wangu Twalibu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Mustafa anakuja na mchumba, paka wanne wote wamepata kwao, na mimi ninaandika huku kidole kimevimba kwa kupiga vigelegele, kama inawezekana kidole kuvimba kwa vigelegele. Nilikibana mlangoni pa ukumbi wa halmashauri, ndivyo tulivyokuwa tumesongana.

Alhamisi wamepiga kura. Taarifa ya timu ilisomwa saa nzima, na jina lako lilipotajwa watu waliokuwa madirishani walisema "msikilizeni" kwa sauti moja. Waliotaka aondoke ni ishirini na wawili kati ya ishirini na sita. Diwani mmoja wa wale wanne alitoka nje akatuapia kwamba alikosea kisanduku. Tulimwambia aende akamwagie matofali.

Uwanja mzima ulijaa. Wanawake na ndoo zao, bodaboda, wazee wa msikitini, wanakwaya, hata wale shemeji wa vibanda walikuwepo, nyuma kabisa. Polisi walifikiri kutakuwa na mawe. Hakuna aliyeokota hata changarawe. Bwana Matofali alipotoka tuliachia njia katikati, pana na safi, na kila aliyesimama kando ya njia alimpa mkono na kumwambia, "Pole kwa kuunguliwa." Mmoja mmoja, Twalibu, kwa adabu, kuanzia mlangoni mpaka kwenye gari. Safari hii hakujibu. Nami nilimpa mkono wangu, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu niolewe, na ile ya kuolewa haikudumu hivi.

Sasa la kwako.

Ijumaa baada ya sala nilikusanya wanawake wa soko la muda nikawasomea karatasi yako. Sikupunguza neno. Nilipofika kwenye zile dakika ishirini nilishusha karatasi, kwa sababu na mimi ni mmoja wao, na barua yako kwangu nilikuwa nimeirusha chini mara mbili kabla ya kuimaliza. Nimekukasirikia, nataka ulijue hilo kwa maandishi. Cherehani ile alininunulia baba. Elieth akanipokonya karatasi akaendelea kusoma yeye, kwa sauti kavu, mpaka mwisho, hata jina lako.

Mmoja akasema usirudi. Mwingine akasema aliyeagizwa si sawa na aliyeagiza. Wakabishana kidogo, na mimi uliniambia nisikutetee, nikauma ulimi. Kisha Elieth akakunja ile karatasi na kuiweka kifuani.

"Dakika ishirini alitutazama tunaungua," akasema. "Basi aje asimame hapa katikati ya soko dakika ishirini. Tumseme tunavyotaka, marobota yangu na cherehani ya Maua na kila kitu, na asijibu neno. Akiweza, tutapika ale na sisi. Akishindwa, atakuwa meya."

Hakuna aliyepinga. Yule wa usirudi ndiye aliyesema atatoa kuku.

Panda basi la Jumamosi, mdogo wangu. Elieth amesema atakuwa stendi kabla yangu, na wenzake hawana subira, wameshaanza kukusema.

Dada yako,
Maua